KUFUNDISHA KUSOMA TAKWIMU ZA TOVUTI: CHETI NA UJUZI

Utangulizi

Katika miaka ya karibuni shule na vyuo vingi vimeanzisha tovuti zao, ambamo hutangazwa nafasi za masomo, ratiba za mitihani na taarifa kwa wazazi. Mara nyingi kazi ya kuitunza tovuti hukabidhiwa mwalimu kijana aliyetoka chuoni juzi, kwa kudhaniwa kuwa yeye ndiye ajuaye kompyuta. Haupiti muda mrefu kabla mwalimu mkuu au kamati ya shule haijauliza swali ambalo ni la haki kabisa: Je, watu wanaisoma? Hapo mwalimu hutafuta chombo cha kupimia matumizi ya tovuti, na akikipata hukutana na mambo mawili kwa pamoja. La kwanza ni kurasa zilizojaa takwimu na michoro. La pili ni matangazo ya mafunzo yanayoahidi cheti.

Makala haya yanakusudia kumsaidia mwanachuo katika mambo hayo mawili. Tutaeleza kwa ufupi chombo chenyewe kinavyofanya kazi, cheti chake kinavyopatikana na kinapima nini, kisha tutapendekeza masomo manne ambayo mkufunzi au mwalimu anaweza kuyatumia kufundisha usomaji wa takwimu hizo. Hoja yetu ni kwamba cheti huonyesha mtu anakijua chombo, lakini kusoma takwimu ni ujuzi mwingine, ambao hufundishwa kwa njia zile zile tunazozitumia tunapomfundisha mtoto kupima urefu wa dawati. Asiyeitambua tofauti hii aweza kumwonea mwalimu mwenzake, au kuwalaumu wazazi bure, kwa kutumia tarakimu ambazo yeye mwenyewe hakuzielewa.

Chombo na kazi yake

Vyombo vya kupimia matumizi ya tovuti ni vingi. Kinachojulikana zaidi ni Google Analytics. Mwaka 2005 kampuni ya Google iliinunua kampuni ya Urchin ya San Diego, Marekani, na mwezi Novemba mwaka huo huo ikatoa chombo hicho kwa watu wote. Kipo pia Matomo, kilichoanza mwaka 2007 kwa jina la Piwik, ambacho shule au chuo chaweza kukiweka katika seva yake chenyewe ili takwimu zisitoke nje.

Namna chombo kinavyofanya kazi si ngumu kueleza. Mwenye tovuti huweka katika kurasa zake mistari michache ya maagizo ya kompyuta. Mtu anapoufungua ukurasa, maagizo hayo hupeleka habari kwenye seva: ukurasa gani umefunguliwa, saa ngapi, kwa simu au kwa kompyuta, na mgeni ametokea wapi, yaani katika ukurasa wa kutafutia, katika tovuti nyingine, au kwa kuandika anwani mwenyewe. Zaidi ya hayo, chombo huacha katika kivinjari cha mgeni faili dogo lenye namba, ambalo huitwa kidakuzi. Mgeni akirudi kesho kwa kivinjari kile kile, namba ile humtambulisha kuwa aliwahi kuja.

Mwanachuo azingatie jambo hili tangu mwanzo, kwa sababu makosa mengi ya usomaji yanatoka hapa. Chombo hakimwoni mtu. Kinaona kivinjari na namba iliyomo. Kila takwimu inayofuata imejengwa juu ya msingi huo.

Cheti na njia ya kukipata

Cheti cha Google Analytics hutolewa na Google yenyewe kupitia mahali pake pa mafunzo panapoitwa Skillshop. Masomo ni ya bure na mtihani ni wa bure. Mwanafunzi husoma kwa wakati wake, bila mwalimu, kisha hufanya mtihani wa maswali ya kuchagua jibu. Alama za kufaulu ni asilimia 80. Asiyefaulu huweza kujaribu tena baada ya siku moja. Cheti hudumu kwa mwaka mmoja, na baada ya hapo mwenye nacho hutakiwa kufanya mtihani upya. Hakuna sharti la kuwa na shahada, wala stashahada, wala kufanya kazi katika kampuni fulani.

Kwa anayetaka kufanya mazoezi bila kuwa na tovuti yake, Google imefungua akaunti ya mfano yenye takwimu halisi za duka lake la bidhaa la mtandaoni. Mtu yeyote mwenye akaunti ya Google aweza kuingia humo na kutazama, ingawa hawezi kubadili mipango yake. Hii ni zana nzuri ya kufundishia, na chuo chenye kompyuta moja na projekta chaweza kuitumia mbele ya darasa zima.

Tunaona inafaa kutoa tahadhari hapa. Wapo watu wanaotoza ada kwa mafunzo ya chombo hiki. Kutoza ada si kosa, ikiwa mwanafunzi anapata mwalimu wa kumsahihisha, mazoezi ya kutosha na muda wa kuuliza maswali. Lakini mwanachuo mwenye fedha kidogo asilipe ada kwa kuamini kwamba analipia cheti cha Google, maana cheti hicho hakiuzwi. Kabla ya kutoa fedha, aulize mambo matatu: Nani atafundisha? Mazoezi yatasahihishwa na nani? Nikimaliza nitaweza kufanya nini ambacho leo siwezi?

Cheti kinapima nini?

Kila mwanachuo anazifahamu ngazi za malengo ya kujifunza zilizotolewa na Benjamin Bloom na wenzake mwaka 1956: maarifa, ufahamu, matumizi, uchambuzi, usanisi na tathmini. Tuupime mtihani wa cheti kwa ngazi hizo.

Swali la kuchagua jibu linaweza kupima vizuri kama mtu anakumbuka taarifa fulani inapatikana wapi, au neno fulani lina maana gani. Linaweza pia kupima kwa kiasi fulani kama anajua chombo kipi kitumike katika hali ipi. Hizo ni ngazi tatu za chini. Lakini kazi itakayomkabili mwalimu siku kamati ya shule ikimwita ni ya uchambuzi na tathmini: kutazama takwimu za tovuti hii, ya shule hii, yenye wazazi hawa, na kusema zinaonyesha nini na hazionyeshi nini. Mtihani unaofanana kwa watu wote duniani hauwezi kuijua shule hiyo. Aidha, mtihani hufanywa bila msimamizi, na mtahiniwa huweza kuwa na maelezo yake pembeni. Kwa hiyo cheti ni ushahidi wa kusoma, na ni ushahidi wa manufaa, lakini si ushahidi wa ujuzi wote.

Ipo sababu nyingine. Chombo hubadilika. Mwezi Oktoba mwaka 2020 Google ilitoa toleo jipya liitwalo Google Analytics 4. Tarehe 1 Julai 2023 toleo la zamani, Universal Analytics, liliacha kupokea takwimu mpya za watumiaji wa kawaida, na kuanzia Julai 2024 hata taarifa zake za zamani hazikuweza kufunguliwa tena. Waliokuwa wamekariri mahali pa kubonyeza katika toleo la zamani walilazimika kuanza upya. Waliokuwa wamejifunza kuuliza swali na kupima jibu walihitaji kujifunza mpangilio mpya tu.

Kilichobadilika si mpangilio peke yake, bali hata maana za maneno. Kipo kipimo kinachoonyesha asilimia ya ziara zilizoishia mlangoni, yaani wageni waliofika wakaondoka. Katika toleo la zamani ziara ilihesabiwa hivyo ikiwa mgeni alifungua ukurasa mmoja tu bila kufanya kitu kingine kilichopimwa, hata kama aliusoma ukurasa huo kwa dakika tano. Katika toleo jipya ziara huhesabiwa kuwa na ushiriki ikiwa imezidi sekunde 10, au mgeni amefungua kurasa mbili au zaidi, au amefanya tendo ambalo mwenye tovuti amelitaja kuwa muhimu. Ziara isiyo na hata moja kati ya hayo matatu ndiyo inayohesabiwa kuwa imeishia mlangoni. Jina ni lile lile, kipimo ni kingine. Mwalimu atakayelinganisha takwimu za mwaka 2022 na za mwaka 2024 bila kujua hilo ni sawa na anayelinganisha urefu wa madawati mawili, moja likiwa limepimwa kwa shubiri na lingine kwa sentimita.

Masomo manne

Masomo yafuatayo yamepangwa kutoka linaloshikika kwenda lisiloshikika, na kutoka linalojulikana kwenda lisilojulikana. Somo la kwanza na la tatu hayahitaji kompyuta kabisa. Zana ni daftari, kalamu, saa, na bango kitita au ubao.

Somo la kwanza: Kuhesabu mlangoni

Lengo: mwanachuo aweze kutofautisha mtu, ziara na tukio.

Mkufunzi achague wanachuo watatu wakae karibu na mlango wa maktaba ya chuo kwa muda wa saa mbili. Wa kwanza ahesabu kila mara mlango unapopitwa na mtu anayeingia. Wa pili ahesabu watu, akihakikisha kwamba mtu aliyekwisha kuhesabiwa hahesabiwi tena. Wa tatu ahesabu vitabu vilivyoazimwa. Wasizungumze wao kwa wao.

Tuseme wanarudi na hesabu hizi: walioingia ni mara 58, watu ni 36, vitabu vilivyoazimwa ni 14. Mkufunzi aziandike ubaoni kisha aulize: Maktaba ilitumiwa kwa kiasi gani? Darasa litabishana, na ubishi huo ndio somo lenyewe. Anayetaka kujua kama viti vinatosha atahitaji hesabu moja, anayetaka kujua ni wanachuo wangapi wanaoijali maktaba atahitaji nyingine, na anayetaka kuagiza vitabu atahitaji ya tatu. Hakuna aliyekosea kuhesabu. Kila mmoja alijibu swali lake.

Baada ya hapo mkufunzi aeleze kwamba chombo cha kupimia tovuti nacho kina hesabu tatu za namna hiyo: watumiaji, ziara na matukio. Tukio ni jambo lolote linalofanyika katika ukurasa, kama kuufungua, kupakua faili au kubonyeza kiungo. Ziara ni mfululizo wa matukio ya mgeni mmoja, na kwa kawaida huhesabiwa kuwa imekwisha zikipita dakika 30 bila mgeni kufanya lolote. Mwulize mwanachuo: Mtu akifungua ukurasa, akaenda kula chakula cha mchana kwa dakika 50, akarudi na kuendelea kusoma kurasa nyingine, chombo kitahesabu ziara ngapi? Jibu ni mbili, ingawa yeye mwenyewe atasema alisoma mara moja tu.

Somo la pili: Nani aliyehesabiwa?

Lengo: mwanachuo aweze kueleza kwa nini idadi ya watumiaji si idadi ya watu.

Mkufunzi aanze na mfano ambao kila mmoja anaujua. Sensa ya Watu na Makazi iliyofanyika Tanzania mwaka 2022 ilihesabu watu waliolala nchini usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti, na ikapata watu 61,741,120. Kwa nini usiku mmoja ulitajwa? Kwa sababu bila hivyo mtu angeweza kuhesabiwa nyumbani kwake na tena nyumbani kwa shemeji yake alikokwenda kutembea. Kabla ya kuhesabu, wahusika walikubaliana nani ahesabiwe na wapi.

Sasa mkufunzi atoe mfano huu wa kubuni. Shule moja ya msingi imeweka katika tovuti yake ukurasa wa mazoezi ya Darasa la Tano na mwingine wa Darasa la Sita. Mwisho wa mwezi chombo kinaonyesha kwamba ukurasa wa Darasa la Tano umepata watumiaji 31, na wa Darasa la Sita watumiaji 3. Mjumbe mmoja wa kamati anasema mwalimu wa Darasa la Sita ni mzembe, hawahimizi wanafunzi wake. Je, ni kweli?

Wanachuo wajadili katika vikundi vya watu watano, kisha mkufunzi atoe habari iliyobaki. Wanafunzi wa Darasa la Tano husoma nyumbani kwa simu za wazazi. Wanafunzi 45 wa Darasa la Sita huletwa na mwalimu wao kila Alhamisi katika chumba chenye kompyuta tatu, nao husoma kwa zamu. Vivinjari ni vitatu, kwa hiyo watumiaji ni watatu. Yule mwalimu anayeitwa mzembe ndiye aliyefanya kazi kubwa zaidi, na takwimu zimemficha.

Kinyume chake pia hutokea. Mwalimu mmoja mwenye simu, kishikwambi na kompyuta ya ofisini kwa kawaida ataonekana kama watumiaji watatu. Anayefuta vidakuzi ataonekana mgeni kila anaporudi. Anayetumia programu ya kuzuia ufuatiliaji huenda asihesabiwe kabisa. Mwanachuo asidhani kwamba makosa haya hufutana, moja likipunguza na lingine likiongeza. Hakuna anayeweza kuahidi hivyo. Analoweza kufanya ni kuzijua tabia za wasomaji wake, na hilo halimo ndani ya chombo. Hupatikana kwa kuuliza wanafunzi na wazazi.

Somo la tatu: Wastani na asilimia

Lengo: mwanachuo aweze kueleza ni lini wastani na asilimia hupotosha.

Mkufunzi aandike ubaoni ziara za tovuti ya chuo kwa siku tano. Jumatatu 10, Jumanne 12, Jumatano 9, Alhamisi 11, Ijumaa 98. Wanachuo watafute wastani. Jumla ni 140, na ukigawa kwa 5 utapata 28. Kisha aulize: Ni siku gani iliyokuwa na ziara zinazokaribia 28? Hakuna hata moja. Ijumaa yalitangazwa majina ya waliochaguliwa, na siku hiyo moja imeuvuta wastani wote. Wanachuo wapange namba hizo kuanzia ndogo hadi kubwa, yaani 9, 10, 11, 12, 98, na kuchukua ya katikati. Watapata 11, ambayo inaieleza siku ya kawaida vizuri zaidi. Hisabati hii mwanachuo ataikuta tena katika mada ya takwimu anapofundisha madarasa ya juu ya shule ya msingi, kwa hiyo hapa anajifunza mara mbili.

Kisha waende kwenye asilimia. Ukurasa ulipata ziara 4 mwezi uliopita na 8 mwezi huu. Chombo kitaonyesha ongezeko la asilimia 100, pengine kwa mshale wa kijani. Ukurasa mwingine ulipata ziara 400, na sasa 440. Chombo kitaonyesha ongezeko la asilimia 10 tu. Katika ukurasa wa kwanza zimeongezeka ziara 4, ambazo zaweza kuwa za mwalimu mwenyewe akikagua kazi yake. Katika wa pili zimeongezeka 40. Kanuni ya kuwafundisha ni fupi: asilimia isitajwe bila idadi yenyewe kuandikwa pembeni yake.

Somo la nne: Swali kabla ya takwimu

Lengo: mwanachuo aweze kutunga swali linaloweza kujibiwa, na kutaja tendo litakalofuata jibu.

Hili ni somo la kompyuta, na akaunti ya mfano ya Google inafaa sana. Hata hivyo wanachuo wasiifungue kwanza. Mtu anayefungua chombo bila swali hutekwa na michoro, akasoma kila kitu na asikumbuke chochote. Kila kikundi kiandike katika karatasi safu tatu: swali letu, takwimu itakayotusaidia kulijibu, na tutakalofanya jibu likiwa hivi au vile. Ikiwa safu ya tatu haina kitu, swali lifutwe. Hakuna faida ya kujua jambo ambalo halitabadili chochote tunachokifanya.

Mfano unaofaa ni huu. Swali: Je, wageni wa duka hutumia simu au kompyuta? Takwimu: mgawanyo wa ziara kwa aina ya kifaa. Tendo: ikiwa wengi wanatumia simu, kurasa zijaribiwe kwanza kwenye simu kabla ya kutangazwa. Mfano usiofaa ni huu: Je, tovuti inafanya vizuri? Swali hili halina takwimu yake wala tendo lake, na ni lazima livunjwe vipandevipande kwanza.

Mwishoni mkufunzi atoe fumbo hili. Ukurasa wa ratiba ya mitihani una ziara nyingi, lakini chache sana zina ushiriki, kwa kuwa wengi huondoka kabla ya sekunde 10. Je, ukurasa huu ni mbaya? Wanachuo wengi watasema ni mbaya, kwa kuwa chombo kinaonyesha hivyo. Waulizwe basi: Ninyi mnapokwenda kutazama ratiba kwenye ubao wa matangazo hukaa hapo kwa muda gani? Mtu huangalia tarehe yake, akaondoka. Aliyepata jibu lake kwa sekunde 8 amehudumiwa vyema kuliko aliyetafuta kwa dakika tatu. Kipimo ni kile kile, lakini katika ukurasa wa ratiba kuondoka upesi ni dalili ya mafanikio, na katika ukurasa wa mazoezi ya kusoma ni dalili ya kushindwa. Chombo hakijui tofauti ya kurasa hizo. Mwalimu ndiye anayejua.

Taarifa za watoto

Mwalimu wa shule ya msingi ana wajibu mmoja ambao mafunzo ya wafanyabiashara hayaukazii. Wasomaji wake wengine ni watoto. Tanzania ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, ambayo ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, nayo inaziweka taarifa zinazohusu watoto katika kundi la taarifa nyeti. Kenya ina sheria yake ya mwaka 2019. Masharti ya Google nayo yanakataza kupeleka katika chombo chake taarifa zinazoweza kumtambulisha mtu, kama jina au barua pepe.

Kosa la kawaida katika jambo hili hufanyika bila nia mbaya. Mwalimu hutengeneza ukurasa wa matokeo ambao anwani yake ina jina la mwanafunzi au namba yake ya usajili. Kwa kuwa chombo hurekodi anwani ya kila ukurasa unaofunguliwa, jina la mtoto huingia katika takwimu pamoja na anwani hiyo. Mwanachuo afundishwe kuzikagua anwani za kurasa kabla ya kuwasha chombo, kuwaeleza wazazi kwa lugha nyepesi kinachopimwa na sababu yake, na kuacha kupima kurasa ambazo hazihitaji kupimwa. Takwimu ambayo haikukusanywa haiwezi kuvuja.

Kupima maendeleo ya mwanachuo

Baada ya masomo hayo manne, mwanachuo anayetaka kufanya mtihani wa Google na aufanye. Atauona mwepesi kuliko angeuona mwanzoni, na cheti kitamfaa anapoomba kazi. Lakini ndani ya chuo tunapendekeza kipimo kingine. Mwanachuo apewe takwimu za mwezi mmoja katika karatasi, aandike taarifa ya ukurasa mmoja kwa kamati ya shule, kwa Kiswahili ambacho mzazi asiyewahi kugusa kompyuta atakielewa. Taarifa isahihishwe kwa mambo manne:

1. Je, imeanza na swali lililo wazi?
2. Je, kila neno la kitaalamu limeelezwa maana yake?
3. Je, imetaja jambo ambalo takwimu hizi haziwezi kulijibu?
4. Je, imependekeza tendo moja linalowezekana kwa uwezo wa shule?

Jambo la tatu lipewe uzito zaidi. Tunaposahihisha mazoezi ya namna hii katika kozi yetu, tunaona wanachuo wengi wanajua kusema takwimu zinaonyesha nini, na wachache wanathubutu kusema zinaishia wapi. Hao wachache ndio ambao mwalimu mkuu anaweza kuwategemea.

Maswali ya mazoezi

1. Tovuti ya shule imepata watumiaji 120 na ziara 90 katika ripoti moja. Je, jambo hili lawezekana ikiwa kila mtumiaji amefanya angalau ziara moja? Toa sababu.

2. Ziara za siku saba ni 20, 22, 19, 21, 0, 23, 21. Tafuta wastani na namba ya katikati. Ni jambo gani ungelichunguza kwanza kuhusu siku ya tano kabla ya kusema kuwa hakuna mtu aliyefungua tovuti?

3. Mwalimu mkuu anataka kuwapanga walimu kwa nafasi, kwa kufuata idadi ya watumiaji wa kurasa za madarasa yao. Andika barua fupi ya heshima ukimweleza kwa nini jambo hilo halifai, na umpendekezee njia nyingine.

4. Andaa andalio la somo la dakika 40 kwa Darasa la Sita, ambalo wanafunzi watahesabu wanaoingia katika duka la shule au wanaochota maji bombani, kwa kufuata mfano wa somo la kwanza. Onyesha lengo, zana, hatua na tathmini.

Swali la nne tumeliweka mwisho kwa makusudi. Mtoto aliyejifunza pale bombani kwamba ndoo 60 si watu 60 ataingia katika ulimwengu wa takwimu akiwa na kinga ambayo hakuna cheti kinachoweza kumpa, na kumpa kinga hiyo ni kazi ya mwalimu wa shule ya msingi.